Jim Dale: kutoka filamu za vichekesho za Uingereza mpaka sauti 134 ndani ya kitabu kimoja (uzi mrefu)

Sikio la Mjini (mleta uzi)

Wakuu habari za mchana. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka auweke pembeni aje ausome usiku akitulia.

Nataka tumuongelee Jim Dale, yule mwigizaji wa Kiingereza aliyesoma vitabu vyote saba vya Harry Potter kwa soko la Marekani. Nimeamua kuandika kwa sababu kuna uzi mwingine humu mtu kaandika kwamba kusoma kitabu cha sauti ni kazi ya yeyote mwenye sauti nzito na maiki nzuri, na watu kibao wakamuunga mkono. Mimi napinga moja kwa moja. Sauti nzuri ni mtaji mdogo sana kwenye hii kazi. Huyu mzee anaingia studio 1999 kusoma kitabu cha kwanza alikuwa ameshavuka miaka 60 na ana karibu nusu karne ya jukwaa mgongoni, na ukijua alipita wapi unaanza kuyasikia yote mle ndani ya usomaji wake, uchekeshaji, uimbaji, dansi, hata utunzi wa nyimbo.

Kazaliwa tarehe 15/8/1935 Rothwell, kamji kadogo karibu na Kettering, Northamptonshire, upande ambao Waingereza wanaujua kwa viwanda vya viatu. Jina la kuzaliwa ni James Smith, Jim Dale ni la kazini. Utotoni alisomea dansi, halafu 1951 akiwa bado kijana mdogo akapanda jukwaani hapo hapo kwao Kettering kama mchekeshaji. Zama zile kulikuwa na kumbi za burudani ambazo kwa usiku mmoja unaona mwimbaji, mtu wa mazingaombwe, wacheza sarakasi, na katikati hapo mchekeshaji anapewa dakika zake chache awashike watu waliotoka kuchoka kazini. Ukipwaya sekunde tano umewapoteza na hawarudi. Mimi naamini shule yake kubwa ilikuwa ile, kujua ni sekunde ngapi unaweza kunyamaza kabla hujasema neno linalochekesha. Sikilizeni usomaji wake mahali popote penye utani, ananyamaza kidogo tu, kinusu, halafu anaachia.

Baada ya hapo akawa staa wa pop, na hapa wengi hawajui. 1957 alitoa wimbo unaitwa Be My Girl ukafika namba 2 kwenye chati za Uingereza, na prodyuza wake alikuwa George Martin, ndio huyo huyo George Martin ambaye miaka mitano baadaye alianza kuwarekodi Beatles. Dale akawa pia mtangazaji wa Six-Five Special, kipindi cha muziki cha vijana pale BBC. Yaani angeweza kabisa kuganda huko kwenye pop, wasichana wanapiga mayowe, hela inaingia. Akaacha mwenyewe akarudi kwenye kuchekesha.

Naendelea chini, msichangie kwanza kama mnaweza kuvumilia.

Sikio la Mjini

Sehemu ya pili.

Kuanzia 1963 akaingia kwenye zile filamu za Carry On, wazee wetu waliosoma Uingereza watazikumbuka, vichekesho vya bajeti ndogo vilivyokuwa vinatolewa karibu kila mwaka na waigizaji wale wale. Dale kacheza 11, ya mwanzo ni Carry On Cabby na ya mwisho Carry On Columbus ya 1992. Mara nyingi yeye ndio yule kijana mwema mwenye haya anayejikwaa, anaangusha vitu, anaanguka na yeye. Purukushani nyingi alikuwa anafanya mwenyewe na mwili wake.

Katikati ya hizo filamu akafanya jambo ambalo linanishangaza mpaka kesho. Aliandika maneno ya wimbo Georgy Girl, wa filamu ya 1966 yenye jina hilo hilo, muziki ukatungwa na Tom Springfield na wakauimba The Seekers. Ukateuliwa kugombea Oscar ya wimbo bora. Ukashindwa na nini? Ukashindwa na Born Free, wimbo wa ile filamu ya Elsa, simba jike wa Joy Adamson, iliyopigwa hapo Kenya. Kwa hiyo wenzetu wa Nairobi na Meru mjue simba wenu ndiye aliyemnyima Jim Dale Oscar.

Turudi kwenye hoja. Mtu anayetunga maneno ya wimbo anajifunza kuhesabu silabi, anajua mkazo unakaa wapi na pumzi inaisha wapi. Ndio maana Dale akisoma sentensi ya mistari mitano ya mwandishi haimkati pumzi katikati na wewe msikilizaji hupotei.

Halafu Shakespeare. 1966 alicheza Autolycus kwenye The Winter's Tale kule Edinburgh chini ya mwongozaji Frank Dunlop, Autolycus ni yule mchuuzi mwizi mwenye maneno mengi anayeimba. Baadaye Laurence Olivier mwenyewe, yule mwigizaji mkubwa wa Uingereza aliyekuwa anaongoza National Theatre, akamchukua huko. Hebu fikirieni, mtu wa Carry On, staa wa pop wa zamani, anaitwa na Olivier! Na Dale na Dunlop wakakaa wakaunda Scapino, kutoka kwenye mchezo wa Molière, mwandishi wa zamani wa Kifaransa, kuhusu mtumishi mjanja, na 1974 ukawapeleka New York. Wamarekani wakampenda na yeye akabaki huko.

1980 ndio ikaja Barnum, mchezo wa muziki Broadway, zile kumbi kubwa za maigizo za New York, kuhusu P.T. Barnum mwenye sarakasi yake. Dale akacheza Barnum, na mke wa Barnum akachezwa na Glenn Close ambaye kipindi hicho dunia ilikuwa bado haijamjua vizuri. Ule mchezo ulikuwa unamtaka aimbe, aruke, na kila usiku atembee juu ya kamba mbele ya watu, akiwa na miaka 44. Umechezwa mara 854 ingawa sio zote yeye. Akabeba Tony, tuzo kubwa ya Broadway, ya mwigizaji bora wa kiume wa mchezo wa muziki.

Mtu wa namna hiyo ndio walimpa kitabu cha watoto na maiki. Sasa changieni.

Bint Mvita

Shukrani sana kaka, wallahi mimi nilimjua kwa Harry Potter tu, hayo ya kamba sikuyajua abadan. Nauliza, hizo sauti 134 zilikuwa kitabu kipi? Na alizikumbuka vipi? Maana mimi nikiwasimulia watoto wangu hadithi usiku, sungura na fisi tu wananichanganyikia nikifika katikati, mdogo ananikosoa "mama hiyo sauti ya fisi".

Sikio la Mjini

Dada yangu huyo mwanao ndio msikilizaji halisi, na hicho anachokukosoa ndicho wasikilizaji wakubwa huwakosoa wasomaji wa kulipwa.

Ni kitabu cha tano, Order of the Phoenix, kimetoka 2003, kinaenda zaidi ya saa 26. Guinness, wale wa kitabu cha rekodi za dunia, wakamwandika kwa sauti 134 za wahusika, mtu mmoja, kitabu kimoja. Kitabu cha saba, 2007, akafikisha 146. Kuhusu kukumbuka, amesimulia kwenye mahojiano kwamba alikuwa na kinasa sauti kidogo cha kaseti. Akimbunia mhusika sauti anarekodi sentensi moja tu ya mhusika huyo, anaweka namba, anaandika kwenye karatasi. Kurasa mia nne mbele yule mhusika akirudi na neno moja la kusema, anaitafuta namba yake, anasikiliza, anarudi kwenye maiki. Anafanya hivyo hata kwa mhusika wa mistari miwili.

Na kuna ugumu juu ya huo. Vitabu vile vilikuwa vinalindwa vikali visivuje, kwa hiyo mswada alikuwa anaupata siku chache tu kabla ya kurekodi. Anaanza kurekodi mwanzo wa hadithi na hajui mwisho wake. Anampa mtu sauti ya upole ukurasa wa 30 na hana hakika kama huyo mtu atakuwa mwema mpaka mwisho. Wasomaji wengine wakipewa kazi wanasoma kitabu chote kwanza ndio wanashika maiki, na wana sababu, kwa maana waandishi wana tabia ya kukuambia ukurasa wa 300 kwamba fulani alizaliwa Scotland wakati wewe umeshamsoma saa nane kwa lafudhi ya London.

Ongezeni na hili, mara nyingi mwandishi anaweka maneno ya mhusika kwanza ndio anasema "alinong'ona" au "alifoka". Msomaji jicho lake lazima liwe mbele ya mdomo wake. Mdomo uko mstari huu, jicho liko mstari wa pili au wa tatu, masaa na masaa.

Fundi Mitambo

Mleta uzi umenigusa, mimi kazi yangu ni studio hapa Dar, matangazo, muziki kidogo, na siku hizi tunapata kazi za kurekodi vitabu na masomo. Nieleze upande wa ndani ya chumba maana watu wanadhani ni kukaa na kusoma.

Kwanza AC inazimwa, maiki inaisikia. Feni haimo. Hali ya hewa ya Dar mnaijua, saa moja mle ndani msomaji kalowa. Nguo za kuchakacha haziruhusiwi, saa ya mkononi inavuliwa, bangili zinavuliwa, kiti kikilia tunabadilisha kiti. Tumbo likinguruma sentensi imeharibika, unarudi. Mdomo ukikauka unatoa milio midogo kama ta ta ta ambayo mtu wa kawaida haisikii lakini kwenye hedifoni inaudhi mpaka basi, wengine wanakuja na vipande vya tofaa la kijani ndio yanakata ile milio.

Pili kukosea. Msomaji akikosea simwambii aanze upya ukurasa. Narudisha sekunde chache, nampigia masikioni alichosoma, na yeye anaingia pale pale kwa kasi ile ile, sauti ile ile, hisia ile ile, rekodi inaendelea juu kwa juu. Mtu ambaye sio mwigizaji hapo ndipo anapofia. Anaingia kachangamka kuliko alivyokuwa au kashuka, na ile mishono inasikika. Mwigizaji mzoefu wa jukwaani anaingia na huoni mshono popote.

Kwa Kiingereza msomaji anapiga maneno kama elfu 9 kwa saa moja iliyokamilika, na kuipata hiyo saa moja safi kwa kawaida mnakaa studio kama saa mbili, ambaye hajazoea hata nne. Sasa chukua saa 26 uzipigie hesabu. Na wenzetu kule wasomaji wengi wanalipwa kwa saa iliyokamilika, yaani ukikosea sana unajiibia mwenyewe.

Mwanafunzi wa Sauti

Fundi hapo kwenye sekunde chache za kurudi, msomaji anakumbukaje alikuwa kwenye nguvu gani kama ametoka kunywa maji? Au asubuhi baada ya kulala?

Fundi Mitambo

Ya baada ya kulala ndio mbaya kuliko zote. Sauti ya asubuhi iko chini, ya saa kumi jioni imeshachoka imepanda. Tunachofanya kabla ya kuanza namsikilizisha dakika kama tano za mwisho za jana. Wengine tunawapangia muda ule ule kila siku. Ndio maana nilivyosoma hiyo ya Dale na kaseti zake nikasema huyu mzee alikuwa na akili ya fundi pia.

Odhis wa Nairobi

Nimefika late lakini nimesoma yote. Mimi ni wa Stephen Fry, niseme ukweli tu. Toleo la Uingereza la Harry Potter ni Fry amesoma, na kwangu ni tamu kushinda la Dale. Dale anafanya sana, kila mtu ana sauti yake kubwa, na vile anamfanya Hermione, yule rafiki msichana wa Harry, anavuta jina la Harry mpaka inachosha. Fry anakaa tu kama mjomba anakusomea, haitaji kukuonyesha ati ako na sauti mia. Sioni kama kuhesabu sauti ndio kipimo ya msomaji mzuri.

Sikio la Mjini

Odhis umeleta hoja nzito na nakujibu kwa heshima. Kwanza nakubaliana kwamba idadi peke yake haipimi kitu. Guinness wanahesabu sauti, hawapimi kama msikilizaji alilia.

Lakini angalia hao watu wawili wametoka wapi ndio utaelewa kwa nini wanasoma tofauti. Fry ametoka Cambridge, kwenye kile kikundi cha wanafunzi cha vichekesho cha Footlights, akaja televisheni na Hugh Laurie, akacheza Jeeves, yule mtumishi mwenye akili, kwenye tamthilia ya Jeeves and Wooster kuanzia 1990. Uchekeshaji wake ni wa maneno, sentensi ndefu iliyonyooka, mtu ametulia kabisa. Kwa hiyo akisoma ni yeye msimulizi anayebeba, wahusika wanapita ndani ya sauti yake. Dale ametoka kwenye kumbi za burudani na kuanguka anguka, kwake kila mhusika anaingia kwa mlango wake na mwendo wake. Msikilize akisoma Dobby au mzimu Peeves, mwili mzima wa mtu unauona. Hermione wake nakuachia, malalamiko hayo yapo kwa wengi na sio ya uongo.

Halafu kuna kitu kimoja kinaonyesha msomaji anavyoachwa peke yake. Vitabu vinne vya kwanza Dale alivirekodi kabla filamu ya kwanza haijatoka 2001. Alikuwa analisoma jina la Voldemort, yule adui mkubwa wa Harry, bila kuitamka ile t ya mwisho, kwa namna ya Kifaransa. Filamu zikaja na t yake, dunia nzima ikazoea hivyo, na yeye kwenye vitabu vya baadaye ikabidi afuate. Alikuwa anatengeneza ulimwengu wa sauti kabla haujakuwepo.

Na tuzo asinyimwe, Grammy mbili za kitabu cha sauti cha watoto, 2001 kwa kitabu cha nne na 2008 kwa cha saba, na Uingereza wakampa nishani ya MBE 2003 kwa kazi ya kuendeleza fasihi ya Kiingereza kwa watoto.

Mwalimu Nukta

Nawasalimu wote. Mimi nafundisha wanafunzi wasioona, nimefuatilia uzi huu kwa furaha kubwa, naomba niongeze historia maana bila hiyo mtadhani vitabu hivi vilianza kwa ajili ya watu walio kwenye foleni.

Uingereza vilianza kwa ajili ya askari waliopofuka Vita vya Kwanza vya Dunia. Mmoja wao ni Ian Fraser, alipoteza macho vitani Somme 1916 akiwa kijana, akaja kuongoza St Dunstan's, taasisi ya askari wasioona. Wengi walipofuka ukubwani na vidole vyao vilikuwa vigumu kujifunza nukta nundu. Mwaka 1935 huduma ya vitabu vya kusikiliza ikaanza rasmi kwa sahani za santuri, na kati ya vitabu vya kwanza kabisa kulikuwa na kimoja cha Agatha Christie, The Murder of Roger Ackroyd, na kimoja cha Joseph Conrad, Typhoon. Santuri ya kawaida ya wakati ule ilikuwa inaimba dakika chache inaisha, kwa hiyo wakatengeneza zinazozunguka polepole, upande mmoja ukabeba dakika kama 25. Kitabu kimoja kikawa sahani kama kumi, sanduku zima linaletwa kwa posta.

Wanafunzi wangu wakisikiliza hawana habari ya jalada wala picha. Kwao msomaji ndiye kitabu. Akiwa mvivu, kitabu kibaya. Akiwa na dharau kwa mhusika maskini au mlemavu, wanaijua papo hapo hata kama mwandishi hakuandika dharau hiyo. Ninawaambia hivyo kwa sababu nimekaa nao wakisikiliza, msichana mmoja alisimamisha rekodi akasema huyu anayesoma hampendi huyu bibi. Nikaangalia maandishi, hakukuwa na ubaya wowote juu ya yule bibi, ulikuwa kwenye koo la msomaji tu.

Bint Mvita

Mwalimu hapo umenimaliza. "Hampendi huyu bibi." Subhanallah.

Sikio la Mjini

Mwalimu asante sana, hiki ulichosema kuhusu koo la msomaji ndicho nilichokuwa nakizunguka tangu mwanzo. Dale hawadharau wahusika wake. Hata wale wabaya anawasoma kwa upande wao, kama mwigizaji anavyofundishwa kwamba muuaji naye ana sababu zake kichwani mwake. Umbridge, yule mwalimu mkatili kwenye kitabu cha tano, anamsoma kwa sauti tamu ya adabu na tabasamu, hafoki, na hapo ndipo anapotisha.

Kijana wa Mikocheni

Mkuu lakini rekodi ya Dale si ilishavunjwa? Nimesoma mahali Game of Thrones ndio inashika.

Sikio la Mjini

Kweli kabisa, na aliyevunja ana maisha ya ajabu pia. Ni Roy Dotrice, kazaliwa Guernsey 1923, kile kisiwa cha karibu na Ufaransa. Vita vya Pili akaingia jeshi la anga la Uingereza, ndege yao ikaangushwa 1942, akakaa kambi ya mateka ya Wajerumani mpaka vita inaisha. Uigizaji alianzia mle mle kambini, mateka wakiigiana wenyewe kupitisha siku. Baadaye akawa na mchezo wa mtu mmoja, Brief Lives, kaucheza zaidi ya mara 1,700. Peke yake jukwaani! Kwenye filamu ya Amadeus ya 1984 ndiye baba yake Mozart.

Kitabu cha kwanza cha Game of Thrones kasoma wahusika 224, Guinness wakamwandika. Hakupatikana kwa bahati, George R.R. Martin, mwandishi wa vitabu hivyo, aliwahi kuandikia tamthilia ya televisheni Beauty and the Beast mwishoni mwa miaka ya 80 na Dotrice alikuwa mmoja wa waigizaji wakubwa mle.

Ila kilichomkuta kwenye kitabu cha tano, 2011, ni somo. Ilikuwa imepita miaka mingi tangu arekodi vile vya mwanzo, kitabu cha nne mwanzoni kilisomwa na mtu mwingine, na yeye umri umeenda. Wasikilizaji wakalalamika sana kwamba wahusika wamebadilika sauti, Daenerys aliyekuwa binti mdogo amekuwa bibi mwenye lafudhi nyingine. Mimi namtetea, alikuwa na miaka 88, lakini inaonyesha kwamba kaseti ya Dale haikuwa mbwembwe.

Kijana wa Mikocheni

Na sasa hivi si AI inasoma yenyewe? Apple walishaweka sauti za mashine kwenye vitabu tangu Januari 2023. Hii kazi inaisha tu mkuu.

Fundi Mitambo

Nijibu kabla ya mleta uzi. Mashine imeshachukua kazi na mimi nimeshaiona kwangu, matangazo madogo, maelekezo ya simu, vitabu vya mambo ya biashara. Haioni njaa, tumbo halingurumi. Lakini nipe ukurasa wenye watu watatu wanagombana na mmoja anadanganya, mashine inasoma maneno ya mdanganyifu sawa sawa na ya mkweli.

Sikio la Mjini

Fundi kasema. Mimi niongeze kwamba soko lenyewe limeenda pande mbili kwa pamoja. Upande mmoja mashine, upande mwingine 2024 Audible, kampuni ya vitabu vya sauti, na Pottermore, kampuni ya Harry Potter ya mtandaoni, walitangaza toleo jipya la Harry Potter la waigizaji zaidi ya 100, kila mhusika na mtu wake, muziki na milio juu. Yaani kazi aliyoifanya mzee mmoja na kaseti yake leo inagawiwa watu zaidi ya mia. Nitalisikiliza na naamini litakuwa zuri. Lakini kuna kitu cha mtu mmoja kukushika mkono saa 26 ambacho kundi haliwezi kukupa, kwa sababu anayesema maneno ya mtoto na anayesema maneno ya anayetaka kumuua ni yule yule, na wewe unamwamini kote kuwili.

Ombi langu kwa wenzetu wanaorekodi vitabu vya Kiswahili, muwe mnaliandika jina la msomaji juu, pamoja na la mwandishi. Nimesikiliza vitabu vizuri vya Kiswahili mtandaoni vimesomwa kwa ufundi mkubwa na mwisho wa rekodi hujui ni nani aliyekusomea. Na muende kwa waigizaji wa michezo ya redio. Wale wamezoea kuigiza bila kuonekana, wanajua kufungua mlango kwa sauti.

Odhis wa Nairobi

Hiyo ya majina nakuunga mkono mia kwa mia. Sasa Dale nianzie wapi kama sitaki kurudia Potter? Nimpe nafasi ingine.

Sikio la Mjini

Anza na The Night Circus ya Erin Morgenstern, ametoa 2011, saa 13 na ushee. Ni hadithi ya sarakasi ya usiku, na anayekusomea ni mtu aliyewahi kutembea juu ya kamba mwenyewe Broadway. Sauti chache, ametulia, karibu na huo ujomba unaoupenda kwa Fry. Ukitaka za watoto kuna Peter and the Starcatchers, hapo anaachia maharamia wote. Na ukitaka kumsikia bila kitabu kabisa, yeye ndiye msimulizi wa tamthilia ya Pushing Daisies ya 2007 mpaka 2009, humuoni hata mara moja, ni sauti tu juu ya picha.

Bint Mvita

Na jukwaani aliacha?

Sikio la Mjini

Hakuacha dada. 2006 alirudi Broadway kwenye The Threepenny Opera akateuliwa tena Tony, na 2014 akafanya onyesho lake la mtu mmoja New York, Just Jim Dale, anasimulia maisha yake yote tangu Kettering, anaimba, anacheza dansi, na miaka yake ni 78.

Odhis ukimaliza sura tatu za kwanza za Night Circus rudi hapa useme ukweli wako, uzi haufungwi.